Pikapu la tela linaniumiza mgongo likiwa tupu. Nitoe springi?

Barua ya msomaji

Shikamoo fundi,

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Houston, Texas. Kazi yangu ni kuchukua magari minadani na kuwapelekea wauzaji. Nina pikapu la dizeli la kundi la 3500, yale ya kazi nzito, tairi dabo nyuma, nililolinunua likiwa limetumika huko Ohio. Tela langu ni la shingo, linafungwa kwenye tufe katikati ya bodi na linabeba magari matatu.

Likiwa na mzigo sina neno nalo, linatulia barabarani hadi raha. Balaa linaanza nikishashusha. Nikilifungua tela na kurudi nyumbani, nyuma kunarukaruka na kila ungio la barabara ya zege nalisikia kiunoni. Mke wangu akipanda hushika mpini wa juu ya mlango safari nzima, na siku hizi anaona bora aombe lifti kwa jirani. Hili ndilo gari letu la pekee: sokoni hilo, shule hilo, msikitini hilo. Jioni nikishuka inabidi nisimame kwanza nikiegemea mlango, ndipo mgongo unyooke.

Nimepita mizani nikiwa sina tela: ekseli ya mbele kilo 2,130, ya nyuma kilo 1,500. Tairi ni LT235/80R17, na zote sita najaza upepo 80 (psi), maana fundi wa tairi alinionyesha hiyo namba imeandikwa ubavuni. Kibandiko cha mlangoni kinasema mbele 80, nyuma 65. Shokapu ni zile zile zilizotoka kiwandani, na gari limetembea maili 118,000. Nikichungulia chini naona juu ya ekseli ya nyuma kuna mipira miwili meusi, minene, iliyobana kati ya ekseli na chasisi. Nadhani aliifunga mwenye gari wa kwanza.

Ushauri nimepewa wa kila namna. Shemeji yangu, ambaye ni fundi, anataka tutoe lile bapa nene la chini kwenye springi. Dereva mwenzangu anasema nifunge mipira ya upepo kama ya mabasi. Mwingine ananiambia niuze ninunue 2500, la kundi dogo kuliko langu, kwamba ndiyo laini. Nina dola kama 1,500 za kutumia. Nianze wapi?

Dereva wa Houston

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mgongo. Nashukuru umeniletea namba. Wengi huniandikia "gari langu gumu" basi, nami nabaki kubahatisha. Wewe umepita mizani, umesoma kibandiko na umechungulia chini. Nusu ya kazi umeshaifanya.

Tuelewane kwanza gari lako linafanya nini. Tela lako na magari matatu juu yake halikosi tani nane, na tela la shingo hulaza kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito wake mgongoni mwa gari. Chukua tani nane na nusu kwa asilimia 22: karibu kilo 1,850 zinashuka moja kwa moja kwenye ekseli ya nyuma. Ukijumlisha na 1,500 ulizozikuta mizani, unapata kilo 3,350. Springi zako zimetengenezwa kwa ajili ya hizo 3,350, na bado zina akiba. Ukifungua tela, zaidi ya nusu ya uzito umeondoka lakini springi ni ile ile. Haina cha kuikandamiza, kwa hiyo kila tuta inalirusha juu kama lilivyo, na wewe uko juu yake.

Gari halina ugonjwa, basi. Unachotafuta ni ulaini wa siku lisipobeba bila kugusa nguvu ya siku linapobeba. Ushauri wote uliopewa nitaupima kwa kigezo hicho.

Anza na upepo, maana hapo ndipo penye nafuu kubwa na hapadai hata senti. Ile 80 ya ubavuni ni kikomo cha tairi: inakwambia kwamba kwa upepo huo tairi inaweza kubeba mzigo wake wa juu kabisa. Haikuambii ujaze 80. Tairi yako ikiwa dabo, kwa upepo 80, ina ruhusa ya kubeba kilo 1,285. Nyuma unazo nne, na gari likiwa tupu kila moja inabeba kilo 375, haifiki hata theluthi ya uwezo wake. Tairi iliyojazwa hivyo haibonyei, na tairi ndiyo springi ya kwanza inayokutana na barabara. Halafu tazama, hata kiwanda chenyewe hakikutaka 80 nyuma. Kilitaka 65, na hiyo ni kwa gari lililojaa.

Watengenezaji wa tairi huchapisha jedwali linaloonyesha kila saizi inabeba kilo ngapi kwa upepo gani. Litafute la tairi zako, soma safu ya dabo kwa tairi za nyuma na safu ya tairi moja kwa za mbele, usizichanganye. Ningekuwa mimi, nyuma ningeshuka hadi 45 nikiwa sina tela, nikaendesha siku chache nikisikiliza. Ikibidi ningefika 40, na hapo ningekoma. Ukilifunga tela tupu, shingo yake inaongeza kilo 600 au 700 hivi, basi rudi kwenye 55. Kabla ya kupakia, 65 kamili, tairi zikiwa za baridi.

Hapo kwenye kupakia usifanye mchezo. Kwa kilo 3,350 nyuma, kila tairi inabeba kama 838, na kwa upepo 40 tairi hizo hazina ruhusa ya mzigo huo. Zitajikunja ubavuni, zitapata moto, na kwenye joto la Texas mwisho wake ni kupasuka ukiwa na magari ya watu mgongoni. Sheria nayo imelisema wazi: kanuni ya shirikisho namba 393.75 inakataza gari kutembea na tairi yenye upepo wa baridi pungufu ya ule uliopangwa kwa mzigo unaobebwa. Isome vizuri utaona inakuruhusu kupunguza ukiwa mtupu, kwa kuwa kipimo chake ni mzigo ulio nao. Dola zako za kwanza, kwa hiyo, zinunue pampu nzuri ya umeme wa betri na geji ndefu yenye kichwa cha pande mbili, inayofika kwenye tairi ya ndani. Usikisie kwa kupiga teke. Dabo zikipishana upepo, iliyojaa zaidi inabeba mzigo wa mwenzake, na ya ndani ndiyo watu huisahau kwa kuwa kuifikia ni taabu.

Mbele nenda taratibu. Injini ya dizeli imekaa hapo, na zile kilo 2,130 hazibadiliki sana uwe na tela au usiwe nalo, kwa sababu mzigo wa shingo unaangukia nyuma. Kila tairi ya mbele ina kilo 1,065, na kikomo chake ikiwa peke yake ni 1,400. Ukiona jedwali linakubali, jaribu 70, halafu 65, usishuke zaidi. Usukani ukianza kuwa mzito au gari likiyumba kwenye kona, rudisha.

Kuna kipimo cha chaki cha kuhakikisha hujapitiliza. Chora mstari mnene wa chaki kukatiza uso wa tairi, ukuta hadi ukuta, kisha endesha polepole mita kama mia moja kwenye lami kavu, ushuke uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu na katikati ikabaki, umepungua mno. Ikifutika sawasawa, hapo hapo. Na taa ya tahadhari ya upepo ikiwaka kwenye dashibodi usiizoee tu. Soma kitabu cha gari, kwani baadhi ya magari ya kundi hili yana mpangilio wa mzigo mwepesi unaoubadilisha mwenyewe.

Sasa ile mipira meusi. Hapa ndipo nilipotulia na barua yako, maana wewe umeitaja kwa kupita tu na mimi naishuku sana. Mipira ya aina hiyo hufungwa kusaidia springi wakati wa mzigo. Kazi yake ianze gari likishuka. Likiwa tupu, mingi inatakiwa iache nafasi, uone mwanga kati ya mpira na chuma. Wewe unasema imebana. Kama kweli imebana ukiwa huna tela, basi gari lako linatembea juu ya mipira na springi hazipati nafasi ya kufanya kazi. Lala chini gari likiwa sehemu tambarare, breki ya mkono imefungwa, upitishe kadi ya benki kati ya mpira na ekseli, upande mmoja kisha wa pili. Isipopita, fungua mipira yote miwili, urudishe vizuizi vya kiwanda kama vilitolewa, kisha zunguka mtaani uone. Kuna uwezekano mkubwa wa kupata jibu lako hapo kabla hujanunua chochote. Ukiona bado unaihitaji siku za mzigo, tafuta mifupi zaidi inayoacha nafasi kama mtengenezaji wake anavyoagiza.

Ukiwa huko huko chini, tazama ncha za mabapa ya springi. Gari lilikuwa Ohio, na huko wakati wa baridi barabara hunyunyizwa chumvi kuyeyusha barafu. Chumvi inaingia kati ya mabapa. Yanapaswa kuteleza moja juu ya jingine kila springi inapofanya kazi, na yakishikana kwa kutu, tuta dogo halina nguvu ya kuyafungua. Springi inakaa kama chuma kimoja. Ukiona unga mwekundu unatoka kwenye ncha, na vile vipande vyeusi vya plastiki vya kupunguza msuguano vimelika au vimeanguka, huo ni ugumu usioutaka na hauna faida yoyote hata siku ya mzigo. Mwambie shemeji anyanyue chasisi, aiweke juu ya stendi za uhakika wala si jeki tupu, aache ekseli ining'inie. Mabapa yatafunguka kidogo. Apige brashi ya waya, aweke vipande vipya, apulizie dawa ya kuzuia kutu. Akague na bushi za macho ya springi na za shakeli, zikiwa zimepasuka abadilishe. Ni kazi ya mchana mmoja na gharama yake ni ndogo.

Shokapu sitaki ubishi: maili 118,000 zinatosha. Zikishavuka maili elfu hamsini ni za kukaguliwa kila mara, na zako zimepita mara mbili. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuituliza springi ikisharuka, na huko kurukaruka kwa nyuma unakokusimulia ni dalili ya shokapu iliyochoka. Hapa tumia pesa, nunua zote nne. Wapo wanaosifu Bilstein 5100, nami sina ubaya nazo, ila kwa kazi yako ya kupakia na kurudi mtupu ningekuelekeza kwenye shokapu yenye kitufe cha kurekebisha ukali, kama Rancho RS9000XL yenye ngazi tisa. Ukiwa mtupu unaizungusha kwenye ngazi za laini, ukipakia unaikaza. Lazima uiname chini kila mara, lakini si umeshainama kujaza upepo?

Nije kwa shemeji. Mpe heshima yake, lakini hapo kwenye kutoa bapa usimfuate. Lile bapa nene la chini limenyooka, na gari likiwa tupu ncha zake hazigusi wenzake. Linaingia kazini mzigo ukishaikunja springi. Ukilitoa hutapata ulaini wa maana siku tupu, kwa sababu siku tupu lilikuwa halifanyi kitu, ila siku ya kilo 3,350 utalikosa. Juu ya hapo gari litashuka kwa unene wa bapa hilo, na zile yu-bolti zinazoshika springi kwenye ekseli zikishafunguliwa zinatakiwa mpya na kukazwa kwa kipimo. Kisha kuna mkaguzi wa barabarani. Kanuni ya 393.207 inasema springi za bapa zisiwe zimepasuka, zimevunjika, zimekosekana wala kuhama mahali pake. Utamweleza nini akikuta pengo? Gari likisimamishwa hapo, mkataba wa siku hiyo umekwenda.

Dereva mwenzio wa mipira ya upepo amechanganya vitu viwili, na wanaochanganya hivyo ni wengi. Basi kubwa la upepo unalolikumbuka kwenye njia ya Dar kwenda Arusha ni laini kwa sababu halina springi za chuma zinazobeba. Upepo wenyewe ndio springi, na unapunguzwa au kuongezwa kufuata abiria. Ile mipira ya upepo inayouzwa kwa mapikapu inafungwa pamoja na springi zako, juu ya ugumu uliopo. Inasaidia gari lisikae chini ukipakia, na kwa hilo ni nzuri kweli. Ila siku tupu haipunguzi chochote, na ukiijaza zaidi ya upepo mdogo wa lazima inazidisha kurukaruka. Mfumo kamili unaotoa springi za chuma na kuweka upepo peke yake upo, na nani asiyeutaka, lakini bei yake ni maelfu ya dola na haumo kwenye hizo 1,500.

Kitu ambacho hakuna aliyekutajia ni uzito. Gari la namna hii hulainika ukilipa kidogo cha kubeba. Weka tangi la ziada la dizeli mbele ya bodi, karibu na kebini, ambako halizuii tufe la tela. Lita 190 za dizeli ni kama kilo 160, bado tangi lenyewe, na kwa kazi yako litakuokoa kujaza mafuta kwenye vituo vya bei mbaya. Kama hutaki tangi, mifuko ya mchanga kilo 200 juu ya ekseli, iliyofungwa kwa mikanda. Mchanga usiofungwa, ukishika breki kali, unakuja kebini. Na kilo hizo zihesabu kwenye uzito wa gari siku unapopakia, au uishushe.

Kuhusu zege la Houston, piga hesabu hii. Kwa maili 60 kwa saa gari linakata futi 88 kila sekunde. Maungio yakiwa kila futi 15, unapigwa karibu mara sita kwa sekunde, na mtikisiko wa mara nne hadi nane kwa sekunde ndio unaouchosha uti wa mgongo wa mtu aliyekaa kuliko mwingine wowote. Ndiyo maana kuna mwendo fulani ambao gari linaanza kucheza lenyewe. Ukiusikia, punguza au ongeza maili tano ndani ya sheria, mara nyingi linatulia. Kwenye daraja refu la bonde la Atchafalaya kule Louisiana, kilomita 29 za maungio, utaona tofauti hiyo waziwazi.

Mgongo wenyewe ukamwone daktari, usisubiri shokapu. Na ukisikia ganzi mguuni au kwenye mapaja kwa ndani, mguu kuishiwa nguvu, au mkojo kukusumbua, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Kiti kisogeze mbele kiasi kwamba goti linabaki limekunjwa ukikanyaga breki hadi mwisho, egemeo lisilale sana. Kama sponji ya kiti imezama, fundi wa viti ataibadilisha kwa bei ya wastani.

Na kuhamia 2500? Ni kweli Ram 2500 tangu modeli ya 2014 ina koili nyuma badala ya mabapa, na ikiwa tupu inapendeza kuendesha. Lakini magari mengi ya daraja hilo yamewekewa kikomo cha uzito wa jumla cha ratili 10,000, ambazo ni kilo 4,536. Toa uzito wa gari lenyewe la dizeli, toa wewe na mafuta, unabaki na kilo elfu moja na kidogo. Shingo ya tela lako pekee inataka 1,850. Labda siku utakapoliuza tela ndipo uliangalie. Kwa sasa kafungue ile mipira meusi, shusha upepo, kisha mpandishe mama watoto mzunguke mtaa kabla hujaagiza shokapu.